Kulipa kwa kugusisha simu: kwa nini kadi yako inakataa?

Umenunua simu mpya. Umeingiza namba za kadi yako ya mkopo kwenye pochi ya simu ili ukifika supamaketi ugusishe tu na uende. Halafu simu inakuambia kadi hii haiwezi kuongezwa. Wateja wakikwama hapo hutuuliza: shida ni simu, ni mashine ya dukani, ama ni nyinyi?

Mara nyingi si hao wote watatu. Jibu liko kwa yule aliyekupa kadi. Leo tunaeleza kwa nini, umwulize maswali gani, na hatari moja ambayo kila mtu anafaa kuijua kabla hajaanza.

Ukigusisha simu, nini hutokea?

Simu na mashine ya malipo huongea kwa mawimbi ya redio yanayofika sentimita chache tu, kama nne hivi. Teknolojia hiyo huitwa NFC. Si kila simu inayo, hasa zile za bei ya chini. Kuangalia kama yako inayo, fungua Mipangilio ya simu na utafute neno NFC.

Wengi hudhani simu hubeba namba ya kadi. Sivyo. Ukiandikisha kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard hutoa namba nyingine badala yake. Hiyo huitwa tokeni, na ndiyo inayokaa kwenye simu.

Fikiria tokeni za stima. Zile tarakimu 20 unazonunua hufanya kazi kwenye mita yako pekee. Jirani akiziingiza kwake, mita inakataa. Tokeni ya kadi nayo imefungwa kwa simu yako. Tena kila malipo huenda na msimbo wake wa mara moja. Mtu akidukua rekodi za duka ulilonunua, hatapata namba halisi ya kadi yako, na alichopata hakitamsaidia kulipa kwingine.

Zaidi ya hapo, kabla ya kulipa simu hutaka alama ya kidole, uso ama pini ya simu. Kadi ya plastiki ikiokotwa, mwokotaji anaweza kugusisha kwa malipo madogo bila kuulizwa pini. Kwa simu iliyofungwa ni vigumu zaidi.

Kwa nini aliyekupa kadi ndiye mwenye ufunguo

Tokeni haitolewi mpaka benki iliyotoa kadi ikubali. Ili ikubali, lazima iunganishe mifumo yake na mtandao wa kadi, isaini mkataba na mwenye pochi kama Apple au Google, na iamue itakutambuaje unapoandikisha. Yote hayo yana gharama, na Apple hudai sehemu ndogo ya kila malipo kutoka kwa benki. Ndiyo maana rafiki yako mwenye kadi ya benki nyingine anagusisha na wewe huwezi, ilhali simu zenu ni aina moja.

Je, mteja akiomba, anasikika? Tazama yaliyotokea Australia. Kule watu walikuwa wamezoea kugusisha kadi za plastiki muda mrefu, na Apple Pay ilipokuja walitaka kuitumia kwa simu. Benki ya ANZ ilikubali mwaka 2016. Commonwealth Bank, NAB, Westpac na Bendigo and Adelaide Bank hazikukubali. Zilitaka programu zao zenyewe ziruhusiwe kutumia NFC ya iPhone, na zikaiomba mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo idhini ya kujadiliana na Apple kwa pamoja. Machi 2017 mamlaka ilikataa.

Hakuna sheria iliyozilazimisha benki hizo kuendelea. Lakini wateja waliendelea kuuliza, na waliotaka wangeweza kuhamia ANZ. Januari 2019 Commonwealth Bank ikafungua mlango, ikisema ni jambo ambalo wateja wake walikuwa wakiliomba. NAB ikafuata mwaka huo huo.

Hatusemi benki zilikosea kubishana. Gharama ilikuwa ya kweli. Tunasema tu kwamba ombi la mteja huhesabiwa, hata kama halijibiwi siku hiyo hiyo.

Hatari iko pale unapoandikisha

Tokeni ikishakaa kwenye simu, kuiiba ni kazi ngumu. Kwa hivyo matapeli hawahangaiki nayo. Wanakutafuta wewe, ili tokeni iwekwe kwenye simu *yao*.

Inaenda hivi. Tapeli tayari ana namba ya kadi yako, labda uliiandika kwenye tovuti bandia. Anaiingiza kwenye pochi ya simu yake. Benki inakutumia wewe meseji yenye namba ya siri ili kuthibitisha. Hapo anakupigia: "Habari, napiga kutoka idara ya usalama. Kuna mtu anajaribu kutoa pesa kwa kadi yako. Nisomee namba uliyotumiwa tuizuie haraka."

Ukimsomea, umemaliza kazi yake. Simu yake sasa ina tokeni halali ya kadi yako, naye anathibitisha malipo kwa kidole chake. Pini ya kadi yako haulizwi, na mashine ya dukani haina namna ya kujua yeye si wewe.

Kwa hivyo soma meseji nzima, usiishie kwenye namba. Ikisema ni ya kuongeza kadi kwenye simu, na wewe huongezi kadi, usimpe mtu yeyote. Kata simu, kisha upige namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Uliza benki yako maswali haya

- Kadi yangu inakubali pochi gani? Ni ya Apple, ya Google, ama ni programu yenu wenyewe? Kwenye Android, tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, programu ya benki inaweza kugusisha bila kupitia pochi ya mtu mwingine.
- Kama bado, mnaweza kuandika ombi langu na kunipa namba ya kumbukumbu?
- Mtanitambuaje wakati wa kuandikisha? Kuthibitisha ndani ya programu ya benki ni salama kuliko meseji pekee.
- Nikipoteza simu, mnaweza kuzima tokeni bila kufuta kadi? Hili linawezekana, na kadi ya plastiki huendelea kufanya kazi.

Ombi lililoandikwa kwa barua pepe ama ndani ya programu lina nguvu kuliko lalamiko la kaunta, kwa sababu linabaki kwenye rekodi.

Mambo mawili ya mwisho

Ukirudisha bidhaa, usishtuke tarakimu nne za mwisho kwenye risiti zikiwa tofauti na za kadi yako. Hizo ni za tokeni. Kwenye pochi ya simu utaziona, umwonyeshe mhudumu.

Na usitupe mazoea yako ya sasa. Kwa mama mboga na kwa bodaboda hakuna mashine ya kugusisha. Pale namba ya tili bado ndiyo njia. Kugusisha kunakufaa penye mashine: supamaketi, petroli, hoteli, na safarini ng'ambo. Kumbuka pia kwamba hii ni kadi ya mkopo. Ni rahisi mno kugusisha mara tano kwa siku bila kuhisi, na bili ya mwisho wa mwezi haisahau hata moja. Washa arifa za kila malipo, uone deni linavyopanda siku hiyo hiyo.