Mkalimani Analipwa na Nani?

Ukialikwa kwenye kikao cha shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, usikimbilie ajenda. Tazama kwanza mkalimani wa lugha ya alama amewekwa wapi. Akiwa ubavuni mwa msemaji, kwenye mwanga, uso na mikono yake ikionekana hadi kiti cha nyuma, wajumbe viziwi wamealikwa kikaoni. Akiwa amebanwa pembeni karibu na projekta, na mtu anazima taa ili slaidi zionekane vizuri, wamealikwa kwenye picha ya pamoja.

Kazi yangu ni ukalimani, na huwa nashangaa jinsi watu wema wanavyokosea hapa. Mkalimani hafuati neno kwa neno. Anasubiri sekunde chache alipate wazo, kisha analitoa kwa mikono, uso na mwili, kwa sarufi nyingine kabisa. Hoja inamfikia kiziwi ikiwa imechelewa kidogo. Mwenyekiti akiuliza, "Kuna mwenye nyongeza?" na papo hapo akasema, "Haya, tuendelee," mwenye nyongeza ndio kwanza analipokea swali. Wajumbe wawili wakidakizana, mmoja wao lazima apotee. Na kikao cha kutwa kinataka wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. Wenye bajeti hawapendi kulisikia hili. "Mbona yule mwingine amekaa tu?" wanauliza. Hajakaa tu: anamfuatilia mwenzake ili amdokeze kinachomponyoka, takwimu, jina la mtu, namba ya kifungu.

Kwa nini basi viziwi wajisumbue na mashirikisho, ambako wengi hawajui lugha yao, wakati wana vyama vyao wenyewe? Vyama hivyo vipo, na si vya jana. Cha Uganda, UNAD, kilianzishwa mwaka 1973. CHAVITA ya Tanzania na KNAD ya Kenya ni za miaka ya 1980. Duniani kote vinakutana chini ya Shirikisho la Viziwi Duniani, WFD, lililoundwa Roma tarehe 23 Septemba 1951. Tarehe hiyohiyo ndiyo Umoja wa Mataifa uliichagua kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. WFD inakadiria kuwa viziwi duniani ni zaidi ya milioni 70. Lakini katika wilaya moja wametawanyika, wengi wao wamezaliwa katika familia za watu wanaosikia, na mwanasiasa anayehesabu kura hawaoni kama kundi. Wizara nayo haipendi kuzungumza na kila chama peke yake. Inataka mlango mmoja wa kubisha. Ndiyo maana CHAVITA imo ndani ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, UNAD imo ndani ya NUDIPU, shirikisho la Uganda, na WFD yenyewe imo ndani ya Muungano wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu, IDA, tangu ulipoanza mwaka 1999.

Mlango mmoja una taabu yake: anayeufungua ndiye anayesikika. Historia ya viziwi ina kidonda cha aina hiyo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja, na mkutano ukaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo na lugha ya alama iondolewe darasani. Azimio hilo lilitawala shule nyingi kwa vizazi, na watoto wengi wakafungwa au kupigwa mikono kwa kosa la kuzungumza. Mkutano wa aina hiyohiyo uliofanyika Vancouver mwaka 2010 ndio uliotamka majuto. Miaka 130 imepita katikati.

Kwa sababu hiyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unazitaka serikali katika Ibara ya 4 zishauriane na watu wenye ulemavu kupitia mashirika yanayowawakilisha. Mwaka 2018 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua: mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe hupewa kipaumbele kuliko yale yanayowahudumia. Hapa kwetu tofauti hiyo huwaudhi baadhi ya watu, maana waliotangulia kuwafungulia viziwi milango ya shule walikuwa watu wanaosikia. Shule ya viziwi ya Tabora, ya kwanza nchini Tanzania, ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hakuna anayefuta mchango huo. Ila mkuu wa shule anajua mahitaji ya shule, na anapoitwa wizarani kueleza viziwi wanataka nini, ni haki yake kujibu kwamba aitwe kiziwi.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kati ya viziwi na wahisani wao. Uko ndani ya vuguvugu lenyewe la watu wenye ulemavu, na unahusu shule.

Wakati mkataba unajadiliwa New York, makundi mengi yalikuwa yakipigania elimu jumuishi kwa nguvu zote, na yalikuwa na sababu. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo au wa akili alikuwa akifichwa kwenye taasisi za pembeni. Ushindi kwake ulikuwa kukaa dawati moja na jirani yake katika shule ya mtaani kwao. Mtoto kiziwi ukimweka peke yake katika darasa la watoto 70 wanaosikia, na mwalimu asiyejua alama hata moja, amefika shuleni kwa miguu tu. Kwake shule yenye viziwi wenzake ndiyo mahali anapoikuta lugha, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nyumbani haipo. Vuguvugu lingeweza kuvunjika hapo. WFD na mashirika ya wasioona na ya viziwi wasioona yalikataa lugha ya shule moja kwa wote, lakini hayakujitoa. Matokeo yamo katika Ibara ya 24: mfumo uwe jumuishi, na hapohapo serikali ziwezeshe watu kujifunza lugha ya alama, zikuze utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi, na zihakikishe watoto hao wanasoma katika mazingira yanayokuza uwezo wao kwa kiwango cha juu kabisa. Liisa Kauppinen wa Finland, kiziwi aliyewahi kuwa rais wa WFD, ni miongoni mwa waliolisukuma suala la lugha ya alama ndani ya mkataba, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo yake ya haki za binadamu. Bado haikuisha. Mpaka mwaka 2020 ndipo IDA ilipotoa msimamo wa pamoja kuhusu elimu jumuishi, baada ya mashirika wanachama kukaa chini na kuelewana.

Mimi huona huo ndio ushirikiano wa kweli, wenye ugomvi mezani. Shirikisho ambalo viziwi hawajawahi kulipinga jambo lolote, hebu liulizwe kama wanaelewa kinachosemwa.

Nchi jirani zinaonyesha kinachopatikana watu wakisukuma pamoja. Katiba ya Uganda ya 1995 iliagiza lugha ya alama iendelezwe, na viti vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu bungeni vikamwingiza Alex Ndeezi, kiziwi, mwaka 1996. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: Ibara ya 120 inaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, lakini lugha ya alama haimo katika Katiba yetu.

Nisisahau kuwasema wenzangu. Wakalimani nao wana vyama vyao, na duniani chama chao, WASLI, kina makubaliano ya ushirikiano na WFD. Ni vizuri, mradi mipaka ijulikane. Afisa akitaka jambo la viziwi humpigia mkalimani, kwa kuwa ndiye anayepokea simu, na mkalimani akizoea kujibu atajikuta amekuwa msemaji bila kuchaguliwa na mtu. Jibu sahihi ni fupi: andika ujumbe kwa mwenyekiti wa chama.

Halafu kuna fedha. Mara nyingi shirikisho hugawa posho sawa kwa kila chama, na chama cha viziwi kinatoa fungu lake kuwalipa wakalimani, kwa hiyo kinaingia kikaoni kikiwa kimeshapungukiwa. Gharama hiyo ni ya kikao, kama ukumbi na vipaza sauti. Wanaosikia wanamhitaji mkalimani vilevile, la sivyo hawatajua kiziwi amesema nini.

Ngazi ya halmashauri ndiko jambo hili linakouma. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi cherehani viziwi kikienda kuomba, masharti yanaelezwa kwa mdomo. Mkalimani asipokuwapo huitwa mtoto wa mwanakikundi anayesikia, mwanafunzi wa darasa la tano, aeleze marejesho na dhamana. Shirikisho la wilaya linaweza kuliondoa hilo kwa barua moja ya kuomba fungu la ukalimani, iliyosainiwa na vyama vyote, cha wasioona na cha wenye ulemavu wa viungo vikiwemo, ili mweka hazina asione ombi la kundi moja dogo. Mwaka wa fedha huanza Julai na makisio huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua inayofika Mei itasubiri mwaka unaofuata.