Swali Ambalo Mofini Hailijibu

Bibi anayeugua saratani amekunywa mofini, maumivu yametulia. Anamgeukia mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kumpima joto: "Mwanangu, Mungu ananiadhibu kwa lipi?" Wengi hujibu haraka: "Usiseme hivyo bibi, utapona." Wanasema kwa huruma, lakini wamemnyamazisha.

Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 akishikilia kwamba anayekaribia kufa huumwa mwili, moyo, uhusiano wake na watu, na roho pia. Tiba shufaa ya leo, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, imesimama juu ya wazo hilo. Sasa tutajuaje kama mwanafunzi wa uuguzi yuko tayari kuyahudumia maumivu ya roho?

Njia iliyozoeleka ni hojaji. Mojawapo, ya René van Leeuwen na wenzake wa Uholanzi, iliyochapishwa mwaka 2009, ina kauli 27. Mwanafunzi hujipa alama 1 hadi 5: kama anaweza kutambua mahitaji ya kiroho ya mgonjwa, kusikiliza bila kusukuma imani yake mwenyewe, kumwita kasisi au sheikh inapobidi. Inafaa kulinganisha darasa kabla na baada ya somo. Ila anayepima ndiye anayepimwa, na kinachoonekana kwanza ni kujiamini. Alama zikishuka baada ya wiki kadhaa wodini, huenda kijana ndiyo kwanza ameelewa uzito wa kazi.

Ndiyo maana hojaji peke yake hainiridhishi. Awekwe mtu wa kuigiza mgonjwa, aulize swali la yule bibi, na mkufunzi atazame. Je, mwanafunzi alivuta kiti? Alistahimili kimya? Aliuliza, "Bibi, nini kinakufanya uone hivyo?" Hapa hata mcha Mungu hodari anaweza kukwama, kwa kuwa sala isiyoombwa nayo hufunga mazungumzo.

Chama cha Tiba Shufaa Afrika kina kipimo kinachomuuliza mgonjwa kama amekuwa na amani siku 3 zilizopita. Anaweza kujibu kwa vidole: ngumi ni sifuri, yaani hana amani kabisa; vidole vyote ni 5. Kuandika sifuri kwenye fomu ni rahisi. Mwanafunzi apimwe kwa anachofanya baada ya hapo.

Na apewe nafasi ya kukifanya. Wodini, mwanafunzi aliyeketi na mgonjwa huonekana mvivu. Wakufunzi wakubaliane na wasimamizi wa wodi kwamba dakika hizo ni kazi, ziandikwe kwenye kitabu chake cha mazoezi sawa na kusafisha kidonda.