Saa Zinazobaki Baada ya Dozi

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa kwa mikupuo miwili mitatu, dirishani, muuguzi akitazama. Mnywaji hutamkishwa neno moja au mawili ili ijulikane kuwa dawa imeshuka, kisha humpisha aliye nyuma yake. Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ianze kutoa huduma hiyo mwaka 2011, madirisha ya namna hii yameongezeka nchini. Heroini humwacha mtu na arosto, yaani mateso ya kuikosa, kabla nusu siku haijapita. Methadoni humshika siku nzima. Siku ya teja ilikuwa imejaa: kusaka hela, kusaka kete ya heroini, kuvuta au kujidunga, kutulia kidogo, arosto, kuanza upya. Kikombe kimoja huifuta ratiba hiyo yote. Saa tatu asubuhi mtu amemaliza shughuli yake, na hajui aelekee wapi. Nashikilia kwamba kinachojaza saa zinazobaki, yaani kazi, familia, ibada, mchezo na usingizi, ni sehemu ya tiba yenyewe. Wengi hukiona kama zawadi ya kungojewa mbele.

Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka vitani. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kugundua kwamba askari wake wengi huko Vietnam walikuwa wanatumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa vitani, lakini kati ya hao, waliorudia uraibu ndani ya miaka mitatu walikuwa kama asilimia 12 tu, na wengi hawakupata tiba yoyote. Msomaji makini atapinga: wale walikuwa vijana walioiacha heroini ng'ambo ya bahari, wakakuta nyumbani wazazi na ajira, ilhali kijana wa Manzese, Dar es Salaam, anarudi kijiwe kilekile. Ni kweli, na pingamizi hilo ndilo linalonipa nguvu. Miili ya askari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kila kitu kilichoizunguka.

Jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2018 na Marco Venniro na wenzake, Baltimore, linatusogeza karibu zaidi. Panya waliozoea methamfetamini waliwekewa njia mbili: kubonyeza huku wapate dawa, au kule ufunguke mlango wa kumfikia panya mwingine. Karibu kila mara walimchagua mwenzao, hata wale wenye dalili nzito za uraibu. Panya si mtu, najua. Kinachonivuta ni sehemu ambayo wasimuliaji wengi huiruka: mlango ulipocheleweshwa kufunguka, panya walirudia dawa. Kuchelewa tu. Kwa binadamu nako, tafiti za tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kwamba waraibu wa heroini huishusha thamani ya fedha ya kungojewa haraka kuliko watu wengine. Sasa tazama tunachomwahidi anayeacha unga. Mshahara, mwisho wa mwezi. Imani ya mke, labda mwakani. Heshima mtaani, Mungu ndiye ajuaye. Kete hulipa papo hapo. Ndiyo maana orodha ya mambo mema haitoshi; kila upande wa maisha unahitaji kitu kinacholipa leo: kibarua cha pesa ya jioni, mpira wa saa kumi, chai na wenzake baada ya sala.

Wapo watakaosema kwanza aache, mengine yatajipa. Wana nusu ya ukweli, kwa sababu mwenye arosto hawezi kushika koleo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta vifo vipatavyo 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa kwenye methadoni, na 36 wakishatoka. Bila dawa, wengi hawafiki mahali pa kuzungumzia uwiano wa pande hizo za maisha. Wengine husema mpe kazi, atapona. Hao wamepotea zaidi. Kenneth Silverman na wenzake, Baltimore vilevile, waliwaajiri wagonjwa wa methadoni waliokuwa bado wanatumia kokeini. Waliotakiwa kuwa na mkojo safi ndipo waingie kazini waliacha kokeini zaidi kuliko waliopewa kazi bila sharti. Mshahara peke yake ni hela mfukoni, na kijiwe kinajua siku ya mshahara.

Uwiano ninaousema si wa mizani ya dukani. Ngalawa ina mirengu miwili, na upepo ukivuma mmoja huzama kidogo huku mwingine ukiwa hewani, chombo hakipinduki. Kuna wiki familia itabeba uzito wote, kuna wiki msikiti au kanisa. Kinachonikera ni pale kituo cha tiba chenyewe kinapovunja mrengu. Mchuuzi wa samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, lazima awahi mnada wa alfajiri na ndoo zake, ilhali dirisha la dawa halimngoji, na nauli ya daladala ya kila siku inatoka kwenye mtaji uleule. Marekani iliruhusu mwaka 2020 wagonjwa waliotulia wabebe nyumbani dozi za hadi siku 28, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu. Hofu kwamba dawa itauzwa mtaani ina msingi, maana methadoni humuua asiyeizoea. Ila ipimwe pamoja na hofu ya huyo mchuuzi, anayesimama kituoni saa kumi na moja alfajiri, ndoo mkononi, akiamua apande daladala ya Feri au ya hospitali.