ORS ilipata sifa yake kambini



Ukifika kituo cha afya na mtoto anayeharisha, mara nyingi utapewa pakiti ndogo ya ORS na kikombe, kisha utaambiwa ukae kwenye benchi umnyweshe mwenyewe. Wazazi wengi hawafurahi. Husema, "Nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi, na mnanipa maji ya chumvi? Mtundikieni mtoto wangu serumu!" Wengine hutia pakiti mfukoni na kuondoka, na baadaye tunaiokota njia ya bombani. Sisi wahamasishaji wa afya tunaelewa. Chupa inayoning'inia inaonekana kuwa tiba, lakini kikombe kinaonekana kama mtu kafukuzwa kwa adabu.

Ndiyo sababu safari hii tunaeleza habari za watu walioipatia pakiti hiyo heshima yake duniani. Wengi wao walikuwa wakimbizi kama sisi.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Watu wapatao milioni 10 walivuka mpaka kuingia India. Mvua kubwa zikanyesha, makambi yakajaa, kipindupindu kikazuka. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, hospitali ilikuwa na vyumba viwili tu vya wagonjwa hao, vyenye vitanda 16. Waliokosa kitanda walilala sakafuni. Daktari aliyeongoza timu ya matibabu, Dilip Mahalanabis, ilimbidi apige magoti katika matapishi na kinyesi ili kuwatundikia serumu. Alikuwa daktari wa watoto, mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni Bangladesh.

Serumu ikaanza kwisha. Hata kama ingekuwepo, watu wanaojua kuitundika hawakutosha. Wataalamu wa Dhaka na Calcutta walikuwa wamekwisha kuthibitisha hospitalini kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, lakini chini ya uangalizi mkubwa. Wakubwa wengi wa udaktari waliona ni hatari kumwachia kazi hiyo mtu asiyesomea. Mahalanabis hakuwa na njia nyingine. Kule Calcutta timu yake ilipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji. Walizitia katika mifuko ya plastiki na kuiziba kwa pasi ya moto. Kambini zilikorogwa ndani ya mapipa yenye koki, na ndugu wa wagonjwa wakaja na vikombe vyao kukinga.

Hapo ndipo akina mama, dada, waume na mabibi walipokuwa wauguzi. Walikaa kando ya wagonjwa wao, wakawanywesha funda kwa funda, usiku na mchana. Katika muda wa miezi miwili hivi walitibiwa wagonjwa zaidi ya 3,700. Kabla ya hapo, kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Chini ya mpango wa vikombe hawakufika 4.

Kwa nini maji hayo yafanye kazi wakati maji matupu hayatoshi? Mtoto akiharisha sana, utumbo wake hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Ukimpa maji matupu, mengi hupita tu. Lakini ukuta wa utumbo una mlango ambao sukari na chumvi huingia kwa pamoja, moja ikimshika mwenzake mkono, na zikiingia huvuta maji nyuma yao. Mlango huo hubaki wazi hata wakati wa kipindupindu. Sukari hiyo, basi, haikuwekwa ili kumpendeza mtoto. ORS haizuii kuhara mara moja, na hilo ndilo linalowavunja moyo wazazi wengi. Mtoto ataendelea kuharisha siku kadhaa, ila hatakauka. Anayemuua ni huo ukavu.

Heshima ilichelewa. Majarida yalisitasita kuchapa taarifa ya Bangaon mpaka 1973. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kupambana na kuhara mwaka 1978. Mahalanabis na wenzake walipewa tuzo ya Pollin ya utafiti wa afya ya watoto mwaka 2002, yaani miaka 31 baada ya kambi ile, na tuzo ya Prince Mahidol ya Thailand mwaka 2006. Yeye alifariki Oktoba 2022, na India ikampa nishani ya Padma Vibhushan mwaka 2023, akiwa kaburini. Wale walioshika vikombe hawakupewa nishani.

Kuna mpango mmoja ambao nao unastahili sifa, na kwa maoni yetu ndio unaotuhusu zaidi. Vita ilipokwisha, wakimbizi walirudi Bangladesh, na mwaka 1972 likaundwa shirika la BRAC kuwasaidia kuanza upya. Kuanzia 1980 hadi 1990 BRAC ilituma wanawake vijijini, nyumba kwa nyumba, kumfundisha kila mama kukoroga dawa hiyo kwa vitu vya jikoni: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru na nusu lita ya maji. Zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa. Mshahara wa mwalimu haukutegemea nyumba alizopita. Baadaye mkaguzi alikuja kuwauliza baadhi ya akina mama wanakumbuka nini, na mwalimu alilipwa kulingana na majibu yao. (Wahamasishaji wa hapa tukilipwa hivyo, sijui wangapi wangebaki kazini.)

Mwanzoni akina mama walikumbuka vizuri lakini wachache waliitumia. Ilipochunguzwa, ikaonekana baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa waliyoifundisha, na waume walinung'unika kwamba wao hawakuelezwa kitu. Basi walimu wakapelekwa kuona maabara, na wanaume wakafuatwa sokoni na misikitini. Mambo yakabadilika. Baba unayesoma karatasi hii, jambo hili ni lako pia.

Lakini tusidanganyane, pakiti peke yake haitoshi. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma, ORS ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji safi hayakuwepo ya kutosha, na watu wa kuwanywesha wagonjwa haraka walikuwa wachache. Wako kati yetu wanaoukumbuka mwezi huo.

Sasa ya nyumbani kwako. Nawa mikono kwa sabuni. Koroga pakiti nzima katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, usigawanye unga. Pakiti nyingi ni za lita 1. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila anapoharisha, na aliyezidi miaka 2 nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika ngoja dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Usimkatize ziwa wala chakula. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Kama pakiti imekwisha na kituo kimefungwa, pima lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila mlima. Usizidishe chumvi, ni hatari.

Uliza pia vidonge vya zinki, vinavyoshauriwa duniani tangu 2004. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na mdogo kuliko hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Serumu ina kazi yake. Mtoto aliyelegea au asiyeamka, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyozama, au ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mkimbize kituoni hata usiku, na anayeharisha damu pia mlete. Njiani endelea kumnywesha kama anameza.