Usahaulifu wa Wazee Si Uchawi

Katika nchi ya Buha, Kasulu na Kibondo, mzee ndiye shahidi wa mipaka ya mashamba. Akianza kurudia maneno yale yale, wengine husema ni uzee tu, wengine hudhani amerogwa. Sivyo. Kusahau kupita kadiri ya umri, hali bado anajitunza mwenyewe, ni udhaifu wa kumbukumbu, wala si wazimu. Wengine huzidiwa, wengine hupata nafuu, maana pengine asili yake ni huzuni nyingi, uziwi au shinikizo la damu. Kipimo kilichojaribiwa wilayani Hai hakitaki mtu ajue kusoma: mzee huambiwa maneno 10 ayakumbuke, hutaja wanyama, hupanga njiti za kiberiti. Basi, msimcheke wala msimtoe barazani. Mpelekeni hospitali mapema apimwe.