Funza Miguuni mwa Watoto

Mtoto akijikuna vidole usiku na kutembelea visigino, mkague miguu. Ukiona kivimbe cheupe chenye kitone cheusi katikati, huyo ni funza: kiroboto jike aliyejichimbia ndani ya ngozi. Kwa wiki mbili hivi huvimba kama punje ya mbaazi.

Tafadhali mama, ile pini moja ya kuwatoboa watoto wote iache. Inaweza kuwaambukiza virusi vya Ukimwi, homa ya ini, hata pepopunda. Mafuta ya taa nayo huchoma ngozi. Osha miguu kwa sabuni, ikaushe, kisha mpeleke zahanati; mafuta ya dimetikoni humuua funza bila kuchokoa. Ulizia pia chanjo ya pepopunda. Sakafu ya udongo inyunyizie maji kabla ya kufagia.