Mtoto Aweza Kuiamuru Mashine

Wazazi wapenzi wa Kolwezi, kila siku mwaona malori yakitoka machimboni kwetu na kushika njia ya Likasi na Lubumbashi. Yamebeba shaba na kobalti, na kobalti hiyo huingia katika betri za simu na kompyuta za dunia nzima. Lakini mtoto aliyezaliwa juu ya madini hayo aweza kumaliza shule ya msingi asiguse kompyuta hata mara moja. Wako na wengine walioyagusa mawe yenyewe kupita kiasi: mwaka 2016 Amnesty International na Afrewatch walieleza habari za watoto wanaookota, kupepeta na kuosha mawe ya kobalti katika nchi yetu. Sisemi kwamba somo hili litawatoa machimboni. Umaskini wa nyumbani ndio uwapelekao huko. Nasema tu kwamba vichwa vyao vyaweza kazi nyingine.

Huenda mtaniambia: "Mwalimu, kompyuta hatuna, na umeme hukatika." Ni kweli. Lakini kutunga programu si kubonyeza vifungo. Ni kupanga maagizo, moja baada ya jingine, pasipo kuruka hata moja, maana mashine haijui kukisia. Mama akisema, "Pika bukari," binti huelewa. Mashine yataka iambiwe habari ya moto, maji, unga, na kukoroga mpaka lini.

Mmoja wa walioliona jambo hili mapema ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Mwaka 1967 yeye na wenzake huko Marekani walitunga Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Katika Logo mtoto humwamuru kobe aende mbele au ageuke, naye kobe huchora mstari kila apitapo.

Basi mchezo huo wafaa kabisa uani, juu ya udongo wetu mwekundu. Mtoto mmoja awe kobe, aburute kijiti, mwenzake aamuru: "Hatua tano mbele. Geuka kulia robo ya mzunguko." Warudie mara nne, na mraba umetokea. Kisha waambieni wachore pembetatu yenye pande sawa. Hapo ndipo penye utamu! Wakubwa kidogo, waliofundishwa kwamba kila pembe yake ni digrii 60, watamgeuza kobe digrii 60, na mchoro hautafunga. Kumbe kobe hugeuka kwa nje ya pembe: yampasa ageuke 120, theluthi ya mzunguko. Nawasihi msiwape jibu, wala fimbo isiguswe. Sisi walimu tumezoea kulitia kosa wino mwekundu na kuendelea mbele. Hapa kosa huchunguzwa: ni agizo lipi lililompoteza kobe? Mtoto mwenyewe alitafute, alisahihishe, ajaribu tena.

Siku kompyuta ikipatikana, hata moja tu ya kupokezana, iko programu iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Haina malipo, na ikiisha kuwekwa katika mashine haihitaji intaneti. Maagizo yake ni kama matofali ya rangi, ambayo mtoto huyaunganisha. Wenye miaka mitano hadi saba wana yao, ScratchJr.

Ndugu zetu wa Kenya waliidhinisha mtaala wa somo hili kwa shule zao mwaka 2022. Kwetu, tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na kompyuta zitachelewa kuwafikia wote. Kwa hiyo Jumamosi hii fagieni ua mapema, kabla jua halijawa kali, mkawape watoto vijiti.